USHIRIKA WA KOMPYUTA KATIKA HALMASHAURI ZA VIJIJINI

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 45,000, yaani ni mkubwa kidogo kuliko nchi ya Denmark ukiacha Greenland na Visiwa vya Faroe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka kumi idadi ya wakazi imezidi maradufu. Wilaya zake ni tatu, lakini halmashauri ni tano: Manispaa ya Mpanda, na halmashauri za wilaya za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, mweka hazina wake, na kwa siku hizi kila moja ina chumba chake cha kompyuta.

Makala hii inauliza swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la kiofisi tu. Je, halmashauri tano za namna hii ziendeshe huduma zake za kompyuta kila moja peke yake, au ziziendeshe kwa pamoja? Maoni ya mwandishi ni kwamba yapasa ziziendeshe kwa pamoja. Hata hivyo sababu zake si zile zinazotajwa mara nyingi mikutanoni, na yapo masharti ambayo yasipotimizwa ni heri kila mtu abaki na chake.

Msomaji asidhani kwamba tunaanzia kwenye uwanja mtupu. Tanzania imekwisha kupiga hatua ambayo nchi nyingi zilizotutangulia kwa utajiri hazikuipiga mapema, yaani halmashauri zote zimepewa programu zilizo sawa. Mfumo wa kupanga mipango na bajeti, PlanRep, uliwekwa kwenye mtandao mwaka 2017, na tangu hapo ofisa mipango wa Mlele na mwenzake wa Moshi hujaza fomu moja. Hesabu za shule, zahanati na vituo vya afya huandikwa katika mfumo wa FFARS, jambo ambalo walimu wakuu wengi wanaosoma makala hii wanalifahamu kwa uchungu na kwa manufaa yake. Malipo ya Serikali hupitia mfumo mmoja wa malipo, na mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, awe analipia leseni ya duka au pango la kizimba cha soko. Chombo cha kusimamia mambo haya kilianza kama Wakala mwaka 2012, kikageuzwa kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa Sheria Namba 10 ya mwaka 2019.

Kwa hiyo programu zimekwisha kuwa za pamoja. Kisichokuwa cha pamoja ni kila kitu kinachoizunguka programu: fundi anayejua kuitengeneza inapogoma, waya unaoifikisha ofisini, betri inayoiwezesha kufanya kazi umeme unapokatika, mashine za POS walizonazo wakusanya ushuru, orodha za vijiji na vitongoji zinazojazwa ndani yake, na mafunzo ya karani mpya aliyehamishwa jana kutoka mkoa mwingine. Haya yote kila halmashauri huyabeba kivyake, na hapo ndipo mashine nzuri hulala. Mwananchi aliyetembea nusu siku kuja makao makuu ya halmashauri akajibiwa kwamba mtandao haupo, hakuambiwa lolote kuhusu ubora wa programu. Ameambiwa kwamba fundi hayupo, au kwamba salio la intaneti limekwisha, au kwamba aliyekuwa na neno la siri yuko likizo.

Tuchukue mfano ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuufanya ubaoni kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Tarakimu zake ni za darasani, si za mahali popote. Tuseme kila halmashauri ina ofisa mmoja wa TEHAMA anayeweza kurekebisha hitilafu iliyo ngumu, na kwamba kwa sababu ya likizo, ugonjwa, safari na masomo, ofisa huyo hayupo siku moja katika kila siku tano za kazi. Basi kila halmashauri hukosa fundi kwa uwezekano wa 1/5. Sasa tuseme maofisa hao watano wamekubaliana kuhudumia halmashauri zote tano. Uwezekano wa kukosekana wote kwa siku moja ni 1/5 ikizidishwa kwa 1/5 mara tano, yaani 1/3,125. Kwa mwaka wenye siku 250 za kazi, siku ya kukosa kabisa fundi itatokea mara moja katika miaka kumi na miwili na nusu. Hakuna aliyeajiriwa zaidi, wala hakuna kifaa kilichonunuliwa. Kilichobadilika ni mapatano tu.

Mwanafunzi makini atauliza swali ambalo mwalimu anapaswa kulifurahia: je, tuna haki ya kuzidisha? Kanuni ya kuzidisha inakubalika iwapo kukosekana kwa mmoja hakuhusiani na kukosekana kwa mwingine. Ugonjwa wa ofisa wa Nsimbo haumwuguzi ofisa wa Mpimbwe. Hapo kanuni inasimama. Lakini ikija barua ya kuwaita maofisa TEHAMA wote wa mkoa kwenye semina ya siku tano Dodoma, kanuni inavunjika, kwa kuwa wote watano wanaondoka kwa sababu moja. (Waandaaji wa semina huenda hawajapata kuliona jambo hili kama tatizo la hisabati.) Vivyo hivyo kwa upande wa kazi yenyewe. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni kwa halmashauri zote, na wiki ile ya mwisho kila mweka hazina anamhitaji fundi saa ile ile. Ushirika huleta faida kubwa pale shida zinapokuja kwa zamu, na faida ndogo pale zinapokuja kwa pamoja. Anayeutetea ushirika bila ya kulisema hili hajaupima.

Kipimo kingine kinatokana na kazi ya mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Katika maandiko yake ya mwaka 1909 na mwaka 1917, Erlang alieleza jinsi ya kukadiria muda ambao mpiga simu atasubiri ikiwa waendeshaji wa mitambo ni wachache. Kanuni zake hazijali kama anayesubiri ni mpiga simu, mgonjwa au kompyuta iliyoharibika. Tuseme kila fundi ana kazi ya kumjaza asilimia 80 ya muda wake, na hitilafu moja huchukua siku moja kwa wastani kutengenezwa. Akiwa peke yake na foleni yake peke yake, kanuni hutoa wastani wa siku nne za kusubiri kabla hajaigusa kazi mpya. Mafundi watano wa namna hiyo hiyo wakiwa na foleni moja, wastani wa kusubiri hushuka hadi kiasi cha siku nusu na ushei. Sababu yake si uchawi. Katika foleni tano zilizotengana, mara nyingi fundi mmoja amezidiwa huku mwingine ameketi. Foleni moja huondoa hali hiyo.

Lakini Erlang alikuwa akishughulikia nyaya za simu, na simu haitembei kwa miguu. Fundi wa Mpanda anayetakiwa Mpimbwe hana budi kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wakati wa masika barabara za mkoa huu huwa na hukumu yake. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, si mahali pa kwenda na kurudi kwa saa ya chakula. Ukiongeza siku mbili za safari kwa kila hitilafu, faida yote tuliyoipata ubaoni inaliwa na njia. Hapa yapasa kutenganisha kazi za aina mbili. Kubadilisha waya, kuweka betri, kusafisha vumbi na kuiwasha mashine upya ni kazi ya mikono, na lazima mtu wa kuifanya awepo pale pale. Kurekebisha orodha ya watumiaji, kusahihisha malipo yaliyoingia kwenye kifungu kisicho chake, kuchunguza kwa nini mashine ya POS haipeleki taarifa, na kulinda mifumo dhidi ya wezi wa mtandao ni kazi za akili, nazo zaweza kufanywa kutoka mbali. Basi kila halmashauri ibaki na mtu wake wa kazi za mikono. Utaalamu mpana uwekwe kwenye chungu kimoja. Kijana aliyemaliza chuo cha ufundi, akipewa simu na mtu wa kumwuliza upande wa pili, atafanya mengi kuliko mhandisi aliye mpweke na aliyekwisha kukata tamaa.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mafundi. Jambo la pili ni mipaka, na katika mkoa kama Katavi hili ni zito zaidi, maana watu wake ni wa kuhama. Wengi wameingia na mifugo yao kutoka mikoa ya kaskazini. Katumba, iliyo Nsimbo, na Mishamo, iliyo Tanganyika, ni makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza uraia kwa watu kiasi cha 162,000 wa asili hiyo, wakiwamo wa makazi haya mawili na wa Ulyankulu. Watu hawa huzaa, huoa, hulima na kuuza bila kuangalia ramani ya halmashauri. Mtoto huzaliwa halmashauri moja, huchanjwa ya pili, na huanza darasa la kwanza ya tatu.

Walimu wanao mfano mzuri mikononi mwao. Namba ya PReM anayopewa mwanafunzi na Baraza la Mitihani humfuata mtoto anapohama, na mwalimu wa shule anayopokelewa hana haja ya kuanza upya kuandika jina ambalo kila mwandishi huliandika kwa herufi zake. Hiyo ndiyo maana halisi ya huduma ya pamoja. Si lazima shule zote ziwe na ofisi moja, wala daftari za mahudhurio zikae chumba kimoja. Inatosha kwamba kitu kimoja kina namba moja, na kila mwenye haki ya kuuliza juu yake anaweza kujibiwa.

Tazama sasa ushuru wa mazao. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliushusha ushuru huo hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kuyaachia huru mazao yasiyozidi tani moja yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mnunuzi wa mahindi huja na lori lenye mzigo wa vijiji vitatu vya halmashauri mbili, akasimamishwa kwenye kizuizi cha halmashauri ya tatu. Msimamizi wa kizuizi ana swali moja tu la haki: je, mzigo huu umelipiwa ulikotoka? Asipoweza kujibiwa, huwa na njia mbili, na zote mbili ni mbaya: kumtoza mtu mara mbili, au kumwachia aliyeghushi stakabadhi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja mashine za POS zilizokaa nje ya mtandao na fedha zilizokusanywa zisifike benki. Kizuizi kisichoweza kuuliza na mashine isiyoripoti ni ugonjwa ule ule.

Ili msimamizi ajibiwe, haihitajiki daftari zima la Nsimbo linakiliwe Mlele. Inatosha swali lisafiri na jibu lirudi: ndiyo, imelipwa; au hapana. Nchi ya Estonia ilijenga mfumo wake wa kubadilishana taarifa, X-Road, mwaka 2001 juu ya wazo hilo: kila ofisi hutunza rejista yake, na nyingine huuliza kwa njia iliyosanifiwa na inayoacha kumbukumbu ya nani aliuliza nini. Finland nayo ikauchukua mfumo huo baadaye. Sababu ya kuwa na njia moja iliyosanifiwa inaonekana kwa hesabu nyepesi. Mifumo inayounganishwa miwili miwili huhitaji viungo n(n-1)/2. Kwa halmashauri tano hivyo ni viungo 10, na fundi hodari anaweza kuvifunga. Kwa halmashauri 184 za Tanzania Bara vingekuwa viungo 16,836. Zikijiunga kwenye njia moja, viungo ni 184 tu. Tunasema haya si kwa kuwadharau wanaounganisha miwili miwili. Ndivyo kila mtu huanza, na kwa kuwa viungo vya kwanza huwa vyepesi, ugumu hugunduliwa fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Kumbukumbu ya nani aliuliza nini si pambo. Karani wa Mlele hana shughuli na ugonjwa wa mtu wa Nsimbo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamhusu karani huyo kama inavyoihusu benki kubwa.

Sasa tufike kwenye sharti ambalo mwandishi analiona kuwa la kwanza, nalo ni umiliki. Denmark, ambayo tumeitaja mara mbili, ina historia inayofaa kusomwa. Mwaka 1972 halmashauri za nchi hiyo ziliunganisha vituo vyao vya kompyuta vya mikoani na kuunda kampuni moja, Kommunedata, waliyoimiliki wenyewe. Kwa miaka zaidi ya thelathini kampuni hiyo ilikokotoa mishahara, kodi na posho za wananchi kwa takriban kila halmashauri. Baadaye halmashauri ziliiuza kwa wenye mitaji, katika mauzo yaliyokamilika mwaka 2009. Walipouza kampuni waliuza pia mifumo ambayo hawakuwa na mbadala wake, wakajikuta ni wateja wa mtu mmoja. Mwaka huo huo 2009 ikawabidi waunde chombo kingine cha pamoja, KOMBIT, ambacho kazi yake kubwa imekuwa kununua mifumo mipya kwa niaba ya halmashauri zote 98 ili kuurudisha ushindani. Kwa nchi yenye wataalamu wengi namna ile, kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Sisi tusiokuwa na wataalamu wengi tungekwama mapema zaidi.

Jirani zetu wa Kenya walipitia upande wa pili wa kosa hilo. Serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, kaunti nyingi zilijitafutia kila moja mfumo wake wa kukusanya mapato, na fundi wa mfumo mmoja hakuweza kuwa wa msaada kwa jirani yake. Baadaye kaunti za maeneo yanayofanana zilianza kuungana katika jumuiya, kama ile ya kaunti za kaskazini na ile ya ukanda wa Ziwa Victoria, jambo la kutia moyo.

Hatari yetu si kununua mifumo tofauti. Mifumo yetu ni mmoja, lakini mwenyewe ni Makao Makuu. Halmashauri ni mpangaji katika nyumba nzuri. Ikiwa fomu fulani haifai kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, ombi la kuirekebisha huandikwa na halmashauri moja, huenda Dodoma, na hupangwa foleni pamoja na maombi ya halmashauri nyingine 183. Sauti ya mmoja katika 184 ni ndogo. Halmashauri tano zenye kitengo kimoja, zenye kumbukumbu ya hitilafu zote za mwaka mzima, na zenye mtaalamu anayeweza kuzungumza na wahandisi kwa lugha yao, zitasikilizwa.

Kitengo hicho kiwe cha nani? Wapo watakaosema kiwekwe katika Sekretarieti ya Mkoa, kwa kuwa jengo lipo na mamlaka yapo. Mwandishi hakubaliani nao, ingawa hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina la kupeleka madaraka mikoani, na ilibidi kungoja Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 ili ziwekwe upya. Diwani mzee anayeikumbuka miaka ile ana haki ya kuuliza kama ushirika wa kompyuta ndio mlango wa nyuma wa kurudia yale yale. Jibu linalomridhisha ni moja: kinachoshirikiwa ni mafundi, vyombo na namba, hakishirikiwi kiwango cha ushuru, wala bajeti, wala uamuzi wa nani apewe kizimba cha soko. Hayo hubaki kwenye baraza la kila halmashauri. Na kitengo kiwajibike kwa kamati ya wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zote tano, kiwekwe chini ya halmashauri moja kwa zamu au kwa mapatano, na kila baraza lisomewe hesabu zake kila robo mwaka.

Fedha ndizo zitakazoleta mabishano. Manispaa ya Mpanda itasema inawabeba wengine. Mpimbwe itasema inalipia wataalamu wanaokaa mjini. Tukigawa gharama sawa kwa sawa, halmashauri ndogo inaumia. Tukigawa kwa idadi ya watu peke yake, kubwa inaona inanyonywa. Twaweza kuchanganya: nusu sawa kwa sawa, nusu kwa idadi ya watu. Kwa gharama ya mfano ya shilingi milioni 100, kila halmashauri ingetoa milioni 10 bila ya kuangalia ukubwa, na milioni 50 zilizobaki zingegawanywa kwa watu waliohesabiwa katika sensa. Si kanuni kamilifu, lakini inaelezeka kwa diwani katika dakika tano, na kanuni inayoelezeka huvunjwa kwa shida zaidi. Kilichoziua jitihada nyingi za namna hii kwingineko ni mchango wa mwaka wa pili usiotolewa. Kwa hiyo mchango ukatwe kutoka mapato ya ndani mwanzoni mwa mwaka, kabla mambo mengine hayajauliza.

Upo upinzani mmoja wa kisayansi ambao hatuwezi kuuruka. Kitu cha pamoja huharibika kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa siku moja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Watu waliokuwa na makampuni tofauti ya simu waligundua kwamba chini ya bahari walikuwa wakitegemea nyaya zile zile. Halmashauri tano zikitegemea waya mmoja na chumba kimoja cha mitambo Mpanda, mji ambao kwa miaka mingi uliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli, zitakuja kuzimika zote tano kwa dakika moja. Dawa yake inajulikana. Mashine ya ofisini itunze kazi yake yenyewe mtandao unapokatika na kuipeleka unaporudi. Kila stakabadhi iwe na namba isiyoweza kutolewa na mashine nyingine, ili mbili zisigongane siku ya kuunganishwa. Na nakala ya kila usiku itunzwe nje ya mkoa. Usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ambao RITA ilianza kuueneza mkoani Mbeya mwaka 2013 kupitia zahanati na ofisi za kata, ulitumia simu za mkononi za kawaida kupeleka taarifa, huku mzazi akiondoka na cheti kilichoandikwa kwa mkono. Mpango ule ulifika kata ambazo kompyuta haijafika hadi leo.

Kazi ya kwanza ya kitengo cha namna hii, kwa maoni yetu, isiwe kununua chochote. Iwe ni kukaa na maofisa watendaji wa vijiji na kuandika orodha moja ya vijiji na vitongoji vyote vya mkoa, kila kimoja na namba yake, tarehe ya kuanzishwa kwake, na namba ya kijiji kilichomegwa. Idadi ya watu ikizidi maradufu kwa miaka kumi, vitongoji huzaliwa haraka kuliko karatasi. Leo afya wanaweza kuwa na jina moja, elimu jina la pili, na wakusanya ushuru jina la tatu kwa nyumba zile zile zilizo chini ya miembe ile ile. Wanafunzi wa jiografia wa shule za sekondari za Katavi, wakiwa na simu zinazopima mahali na walimu wa kuwaongoza, wangeweza kulisaidia zoezi hilo katika likizo moja. Na kitongoji kigumu kuliko vyote kukiandika kitakuwa kile kilichoko mpakani, ambacho halmashauri mbili hukidai wakati wa ushuru na zote mbili hukikana wakati wa kuchimba kisima.